Goodes ana haki ya kukataa heshima yao

Juni 2021, uongozi wa Ligi ya Futiboli ya Australia, AFL, ulitoa taarifa ambayo haikuzoeleka kuhusu Ukumbi wa Mashuhuri wa mchezo huo. Kamati ya uteuzi ilikuwa imempendekeza kwa kauli moja Adam Goodes, nyota wa zamani wa Sydney Swans, naye akakataa. Hakuitisha mkutano na waandishi wa habari, hakuweka masharti, hakumtukana mtu. Alisema hapana, akaendelea na shughuli zake. Tangu hapo yamesemwa mengi: kwamba ana kinyongo, kwamba anajisikia, kwamba mchezo ulimpa kila kitu naye ameulipa kwa kuupa mgongo. Mimi naona kinyume. Uamuzi ule ulikuwa na mantiki kuliko karibu yote ambayo viongozi wa mchezo huo waliyafanya juu yake katika miaka minane iliyotangulia. Heshima ikitolewa na taasisi ileile iliyosita wakati mtu anadhalilishwa mbele ya macho yake, anayepewa ana haki ya kuipima kabla ya kuipokea, na Goodes aliipima sawasawa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, maelezo machache yatamsaidia. Futiboli ya Australia si soka na si raga, ingawa ina damu ya yote mawili. Timu mbili za wachezaji 18 kila moja hukutana katika uwanja wenye umbo la yai, mara nyingi ni uwanja uleule wa kriketi, na mpira wenyewe nao ni wa umbo hilo. Mpira hupigwa teke au hupigwa kwa ngumi kutoka kiganjani; kuurusha kama wa kikapu ni kosa. Kila mwisho wa uwanja zimesimama nguzo nne. Ukipita kwa teke kati ya mbili za katikati ni pointi sita, ukipita pembeni yake ni pointi moja. Hakuna kuotea. Anayeudaka mpira hewani baada ya teke la mbali huachiwa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa, na ndiyo maana watu wanarukiana mabegani kuuwania. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, miaka minne kabla Waingereza hawajaketi London kuandika za soka. Kuna wanaoamini kwamba mizizi yake imegusa pia michezo ya mpira ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa bara hilo. Wanahistoria hawajakubaliana, na ubishi huo hauna dalili ya kuisha.

Goodes alizaliwa Januari 1980 Wallaroo, mji mdogo wa bandari katika jimbo la Australia Kusini. Baba yake ni mzungu. Mama yake ni Mwaborijini wa jamii za Adnyamathanha na Narungga, tena ni mmoja wa wale wanaoitwa Vizazi Vilivyoibwa: watoto wa Kiaborijini waliochukuliwa na mamlaka kutoka mikononi mwa wazazi wao ili walelewe kizungu. Sera hiyo iliendelea hadi miaka ya 1970, na Waziri Mkuu Kevin Rudd aliiombea radhi bungeni Februari 2008. Kijana alianza na soka hii yetu. Futiboli ya Australia aliingia baadaye, familia ilipohamia Victoria. Katika uteuzi wa vijana wa mwaka 1997 Sydney walimchukua akiwa wa 43, yaani majina 42 yaliitwa kabla ya lake. Mwaka 1999 alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi na msimu huohuo akatwaa tuzo ya chipukizi bora. Alikuwa mrefu kupita mita 1.90 lakini akikimbia kama watu wafupi wa kiungo, na kwa sababu hiyo makocha walimtumia kila mahali: kurukia mpira wa kuanzia mchezo, kati, nyuma, mbele. Mwaka 2005 Sydney walishinda fainali dhidi ya West Coast kwa tofauti ya pointi nne tu, na klabu hiyo, ambayo zamani ilikuwa South Melbourne, ikamaliza ukame wa miaka 72 bila ubingwa. Mwaka 2012 akiwa na miaka 32 alicheza sehemu kubwa ya fainali dhidi ya Hawthorn akiwa ameumia goti, akafunga goli muhimu robo ya mwisho, na Sydney wakashinda kwa pointi kumi. Alimaliza na mechi 372 na magoli 464.

Lakini takwimu iliyo na uzito zaidi kwa hoja yangu ni ya Medali ya Brownlow. Hiyo ndiyo tuzo kubwa ya mchezaji mmoja mmoja katika ligi hiyo, na kinachoitofautisha na Mpira wa Dhahabu wa soka ni wapiga kura wake. Waandishi hawapigi kura, makocha hawapigi, manahodha hawapigi. Kura ni za waamuzi. Kila baada ya mechi waamuzi huketi na kugawa kura tatu, mbili na moja kwa wachezaji watatu waliong'ara, na mchezaji aliyefungiwa kwa utovu wa nidhamu msimu ule hawezi kuipata hata akiongoza kwa kura. Tuzo ni ya aliye bora na muungwana kwa pamoja. Goodes aliipata mwaka 2003, akiigawana na Nathan Buckley na Mark Ricciuto waliolingana naye, kisha akaichukua peke yake mwaka 2006. Naomba msomaji aliweke hilo kichwani, kwa sababu shitaka lililokuja kupigiwa debe dhidi yake ni kwamba ni mdanganyifu anayejiangusha ili apewe adhabu. Watu walio karibu kuliko wote na mchezo, ambao kazi yao ni kumtambua mdanganyifu, walikuwa wameshamweka juu mara mbili.

Tuje kwenye tukio lililobadilisha kila kitu. Mei 24, 2013, Sydney walicheza na Collingwood katika uwanja mkubwa wa MCG, Melbourne, mechi ya kufungua raundi maalumu ya kuwaenzi wachezaji wazawa. Raundi ya mwaka ule ilikuwa na maana ya ziada. Miaka 20 nyuma, Aprili 1993, mchezaji wa St Kilda aitwaye Nicky Winmar alitukanwa mchana kutwa na mashabiki wa Collingwood. Mechi ilipokwisha akawageukia, akainua jezi na kuonyesha kwa kidole ngozi yake nyeusi. Picha ile ilizunguka nchi nzima. Mwaka 1995, baada ya Michael Long wa Essendon kutukanwa na mpinzani uwanjani na kukataa kulimeza, ligi ikatunga kanuni ya kuzuia matusi ya rangi na dini. Hivyo usiku ule wa 2013 ulipaswa kuwa wa kutazama safari iliyokwisha kutembewa. Karibu na mwisho wa mechi, Goodes akiwa ukingoni mwa uwanja, sauti kutoka jukwaani ilimwita sokwe. Aligeuka, akanyoosha kidole, akawaonyesha walinzi. Aliyetamka alikuwa msichana wa miaka 13.

Yaliyofuata yanafaa kusemwa taratibu, kwa kuwa kumbukumbu ya wengi imeyapotosha. Goodes hakumjua msichana yule wala umri wake alipomnyooshea kidole; alisikia tusi, akafuata utaratibu ambao ligi yenyewe ilimtaka aufuate. Kesho yake alipokutana na waandishi wa habari, akiwa bado amevunjika moyo, aliwaomba watu wasimwandame mtoto, kwa maelezo kwamba amekulia katika mazingira yaliyomfundisha neno lile bila kumfundisha uzito wake, na kwamba anahitaji kusaidiwa. Msichana alimpigia simu kumwomba radhi, naye akaipokea. Sijui ni mtu mzima gani angeweza kulibeba jambo lile kwa utu zaidi. Rais wa Collingwood, Eddie McGuire, alimfuata chumba cha kubadilishia nguo usiku uleule kumwomba radhi kwa niaba ya klabu. Siku chache tu baadaye, akiwa hewani redioni, huyohuyo McGuire alitania kwamba Goodes angefaa kutumika kutangaza mchezo wa jukwaani wa King Kong uliokuwa ukija Melbourne. Akaomba radhi tena, akabaki katika kiti chake kwa karibu miaka minane. Mtoto alitolewa uwanjani papo hapo, rais akapelekwa kwenye usuluhishi na mafunzo. Ukitaka kujua taasisi inaogopa nini, tazama inamwadhibu nani haraka.

Hapo kuna kisa cha pembeni kinachogusa upande wetu wa dunia. Mchezaji wa Collingwood aliyemkosoa hadharani rais wake mwenyewe alikuwa Héritier Lumumba, mzaliwa wa Brazil ambaye baba yake ni Mkongo, na ambaye miaka mitatu kabla alikuwa ameisaidia klabu kutwaa ubingwa wa 2010. Lumumba baadaye alieleza kwamba ndani ya klabu hiyo wenzake walikuwa wakimwita kwa jina la sokwe, na kwa muda mrefu alichukuliwa kuwa mtu wa kuleta matatizo. Februari 2021 ripoti huru iliyoagizwa na Collingwood wenyewe ilivuja kwa vyombo vya habari. Ilisema ubaguzi katika klabu ulikuwa wa kimfumo. McGuire kwanza aliiita siku ya kujivunia, kisha shinikizo likamzidi, akajiuzulu. Miezi minne baadaye ndipo taarifa ya Goodes kukataa ikatangazwa. Wanaosema kwamba mwaka 2021 yote yalikuwa yamekwisha na kilichobaki ni kinyongo cha mtu mmoja wangefanya vema kukumbuka mpangilio huo wa tarehe.

Januari 2014 Goodes alitangazwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka, heshima ya kitaifa inayotolewa mkesha wa sikukuu ya Januari 26. Tarehe hiyo inaadhimisha kufika kwa meli za Waingereza mwaka 1788, na kwa Waaborijini wengi ni siku ya kuvamiwa. Goodes hakulificha hilo. Alizungumza kwa upole kuhusu historia, mama yake, afya na elimu ya watu wake. Hapo ndipo kuzomewa kulipoanza kushika kasi, na mwaka 2015 kukawa wimbo wa kila wiki. Mei 29 mwaka ule, tena katika raundi ya wazawa, alifunga goli dhidi ya Carlton katika uwanja wa nyumbani Sydney, akacheza ngoma ya vita akielekea upande wa mashabiki wa wageni, akamalizia kwa kuigiza kurusha mkuki. Ngoma yenyewe alifundishwa na vijana wa timu ya wazawa ya chini ya miaka 16. Kelele zilizofuata zingemfanya mtu adhani amerusha mkuki wa kweli. Nchi hiyohiyo huwakaribisha All Blacks, timu ya raga ya New Zealand, na haka, ngoma yao ya vita, mashabiki wakasimama na simu mkononi kuipiga picha. Kuanzia siku ile kila alipogusa mpira ugenini, maelfu walizomea. Julai, mjini Perth, kuzomea kulikuwa kwa kutisha kiasi kwamba mwenzake Lewis Jetta alipofunga alimjibia kwa ngoma yake mwenyewe. Goodes aliomba mapumziko, akakosa mechi iliyofuata. Alirudi, akamalizia msimu, na Sydney walipotolewa Septemba akatangaza kwamba amestaafu. Siku ya fainali kuu wastaafu huzungushwa uwanjani kupungiwa mikono na umati. Hakwenda.

Sasa pingamizi. La kwanza ndilo maarufu: walimzomea kwa uchezaji wake, si kwa rangi yake. Nakubali kwamba kuzomea ni haki ya shabiki. Bila kelele za jukwaani michezo ingekuwa mitihani ya shule. Nakubali pia kwamba Goodes hakuwa malaika, na kwamba katika miaka yake ya mwisho wapo waliokerwa kwa dhati na jinsi alivyotafuta adhabu. Lakini maelezo hayo hayakidhi kalenda. Mtu huyu alicheza ligi hiyo tangu 1999. Miaka kumi na nne alijirusha, alikaba, aligongana na watu, alishinda mataji mawili na medali mbili, na kuzomewa kwa namna ile hakukuwapo. Kulikuja baada ya kumnyooshea kidole aliyemtukana, kukaongezeka alipoanza kuzungumza historia ya nchi, kukafikia kilele alipocheza ngoma ya mababu zake. Uchezaji wake haukubadilika kwa mfuatano huo. Kilichobadilika ni maneno yake. Mchezaji anayejiangusha huzomewa na mashabiki wa timu aliyoidhulumu, wiki mbili tatu, wakasahau. Huyu alizomewa katika miji tofauti, na mashabiki wa vilabu visivyo na ugomvi wowote na Sydney, akiwa na miaka 35 na kasi yake imeshapungua.

Pingamizi la pili limefichwa ndani ya la kwanza: si kila aliyezomea ni mbaguzi. Ni kweli, na sioni sababu ya kulikataa. Katika umati wa maelfu wapo waliofuata mkumbo, wapo watoto walioiga wazazi, wapo waliodhani ni utani wa kawaida. Swali lakini si lililomo moyoni mwa shabiki mmoja aliye safu ya nyuma. Swali ni nini kilitokea pale uwanjani na mwenye uwanja alifanya nini. Mwezi Juni 2015, au tuseme hata katikati ya Julai, hakuna aliyeweza kudai hajui jinsi kuzomea kule kulivyomfikia yule anayezomewa. Wachezaji wazawa walisema, Sydney walisema, waandishi waliandika. Aliyeendelea baada ya hapo alijua anashiriki nini, hata kama hakukianzisha yeye. Na ligi nayo ilijua.

Hapo ndipo msingi wa hoja yangu ulipo. AFL ilikuwa na kanuni dhidi ya ubaguzi tangu 1995, na kwa haki yake ilikuwa mbele ya ligi nyingi za soka za Ulaya za wakati huo. Ila kanuni ile ilitengenezwa kwa ajili ya mchezaji kumtukana mchezaji: kuna mtuhumiwa mmoja, kuna tamko, kuna usuluhishi. Ilipofika zamu ya umati, umati unaolipa kiingilio na ada za uanachama, uongozi ulisita. Uliomba heshima kwa maneno ya jumla, ukachelewa kuliita jambo kwa jina lake, ukaacha wiki zipite. Mwishoni mwa Julai ndipo manahodha wa vilabu 18 walipotoa tamko la pamoja kutaka kuzomea kukome, na Richmond wakaingia uwanjani na jezi yao ya wazawa kumuunga mkono. Mechi aliyoikosa, mashabiki wa Sydney walisimama kumpigia makofi mchezaji ambaye hayupo. Yote hayo yalikuwa mazuri, na yote yalitoka chini au pembeni. Kutoka juu, pale palipo na mamlaka ya kutoza faini, kufunga majukwaa, kusimamisha mchezo, hakuna lililotoka lenye meno.

Radhi ilikuja Juni 7, 2019. AFL na vilabu vyake vyote 18 vilitoa tamko la kumwomba Goodes radhi bila masharti, wakikiri kwamba mchezo haukusimama naye. Tamko lilitolewa siku ileile filamu ya Ian Darling, The Final Quarter, ilipoanza kuonyeshwa. Filamu hiyo haina mahojiano mapya wala msimulizi. Imeshonwa kwa picha na sauti za matangazo ya wakati ule, wachambuzi wakijisema wenyewe. Simkatalii mtu kuomba radhi kwa sababu amebanwa, radhi nyingi duniani hupatikana hivyo. Lakini miaka minne ni mingi katika maisha ya mwanamichezo, hasa ikiwa ndiyo iliyofuata baada ya kuondoka kwake. Ni kumpelekea mtu mwavuli jua likiwa limeshawaka. Ataupokea kwa adabu, na anaweza kushukuru. Hana deni la kurudi kusimama kwenye picha pamoja na aliyeuleta.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Linasema: Ukumbi wa Mashuhuri si mali ya viongozi, ni kumbukumbu ya mchezo, atakayepita pale miaka hamsini ijayo asipoliona jina la Goodes atapata historia yenye pengo, na mtoto wa Kiaborijini atanyimwa shujaa wa kumtazama. Wanaosema hivi huongeza mfano wenye nguvu: Winmar mwenyewe, yule wa jezi iliyoinuliwa, aliingizwa mwaka 2022 na akapokea. Michael Long yumo. Michael O'Loughlin, ndugu yake Goodes na mwenzake wa miaka mingi pale Sydney, yumo. Polly Farmer, Mwaborijini mwingine, alikuwamo tangu ukumbi ulipoanza mwaka 1996. Kama hao walikubali, yeye ni nani?

Jibu langu ni kwamba mfano huo unamtetea. Hakuwaambia hao watoke. Hakuita mgomo, hakuwafanya waliopokea waonekane wasaliti, na hilo si jambo dogo katika zama ambazo kila uamuzi binafsi hugeuzwa bendera ya kundi. Winmar alisubiri miaka 29 tangu siku ile ya 1993 na akaona wakati wake umefika; huo ni uamuzi wake, na unastahili heshima ileile. Kama heshima haiwezi kukataliwa basi si heshima tena, ni amri. Kuhusu pengo la historia, mechi 372 zimo kwenye vitabu vya kumbukumbu, medali mbili zimo, mataji mawili yamo, na hakuna ukumbi unaoweza kuongeza au kupunguza goli moja. Anayetaka kujua Goodes alikuwa mchezaji wa namna gani ataona jina lake limekosekana, atauliza kwa nini, na jibu atakalopewa litamfundisha mengi kuliko kibao cha shaba. Na kuhusu watoto, Goodes na O'Loughlin walianzisha mfuko wa GO mwaka 2009, yapata miaka sita kabla hajastaafu, ambao hutoa ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wazawa. Mtu anayelaumiwa kwa kuwanyima vijana mfano wa kuigwa anawalipia ada.

Lipo pia la nne, linalosemwa kwa sauti ya chini na watu wema: kwamba kukubali kungekuwa njia ya kusonga mbele, kungeiponya ligi. Hili ndilo linalonikera, kwa sababu linamrudishia aliyeumizwa kazi ya kumtibu aliyemuumiza. Sherehe ya kumwingiza ukumbini ingehitaji awepo, atabasamu, azungumze machache, kamera zimchukue akipeana mikono na viongozi; na kesho yake magazeti yangeandika kwamba ukurasa umefungwa. AFL ingepata ilichokuwa inakihitaji. Goodes angepata nini ambacho hana? Tena ukurasa haukuwa umefungwa. Mwaka huohuo wa 2021, nahodha wa zamani wa Adelaide, Taylor Walker, alifungiwa mechi sita kwa kauli ya kibaguzi dhidi ya mchezaji mzawa. Machi 2023, kijana wa Western Bulldogs, Jamarra Ugle-Hagan, alitukanwa kutoka jukwaani. Wiki iliyofuata alipofunga aliinua jezi na kuonyesha ngozi yake, ishara ileile ya Winmar baada ya karibu miaka 30.

Wakati huohuo ligi imebadilika sura, na hili linawahusu hata wasomaji wa huku. Mwaka 2013, mwaka wa tusi la MCG, Sydney walimsajili kijana aitwaye Aliir Aliir, aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kaskazini mwa Kenya kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Alianza kucheza ligi 2016, msimu mmoja baada ya Goodes kuondoka, na mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, alichaguliwa katika kikosi bora cha Australia nzima. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, alikuwa ametangulia, na nyuma yao wamefuata wengine wenye majina ya Kidinka. Vijana hawa wanacheza mbele ya majukwaa yaleyale. Kinachowahusu zaidi si orodha ya majina katika ukumbi wa Melbourne, ni kama walinzi, waamuzi na ofisi ya ligi watachukua hatua katika robo ileile ambayo tusi limetamkwa. Ligi inaweza kulifanya hilo bila idhini ya Goodes na bila sahihi yake. Ikilifanya kwa miaka kadhaa mfululizo, inaweza kumwalika tena, naye atakuwa huru kukataa tena.